Kebo ya seriali ya FTDI TTL-232R-3V3 kwa bodi za Linux zinazogoma kuwaka

Bodi ndogo ya Linux ikigoma kuwaka, mara nyingi haikuachii pa kushika. Taa ya umeme inawaka, skrini nyeusi, mtandao kimya. Wengi hukimbilia kuandika kadi ya SD upya, kisha kadi nyingine, kisha chaja nyingine, na jua linazama wakiwa palepale. Kumbe bodi yenyewe inaeleza kila hatua tangu sekunde ya kwanza, ila inaeleza kwenye pini mbili za seriali, njia ya kutuma maandishi kwa waya biti moja baada ya nyingine, na asiyeunganisha waya hapo hasikii. Kwenye bodi nyingi picha ya HDMI huja baadaye sana, kerneli, kiini cha Linux, ikishapakia draiva za skrini. Hitilafu ikitokea kabla ya hapo, skrini haina la kuonyesha.

Kebo inayohakikiwa hapa ni TTL-232R-3V3 ya kampuni ya FTDI, inayounganisha pini hizo na mlango wa USB wa kompyuta. Hukumu kwanza: kwa bodi zinazotumia ishara za volti 3.3, hii ndiyo ya kuwa nayo mezani, hasa kwa sababu ya kasi yake na kwa kuwa kila moja ina namba yake ya kipekee. Ina kasoro mbili za kweli, waya mwekundu na umeme unaovuja kuingia kwenye bodi iliyozimwa. Zote zina dawa.

Kebo ina urefu wa mita 1.8. Chipu yake, FT232R, imefichwa ndani ya plagi ya USB, kwa hiyo hakuna kipande cha sakiti kilicho wazi kinachoning'inia na kugusana na vyuma mezani. Upande wa pili kuna soketi ya pini 6 katika mstari mmoja, nafasi ya milimita 2.54. Kwa mpangilio wake: mweusi ni GND (ardhi), kahawia ni CTS, mwekundu ni umeme, chungwa ni TXD (kutuma), njano ni RXD (kupokea) na kijani ni RTS. CTS na RTS ni ishara za kuruhusu na kuomba kutuma. Kusoma bodi kunahitaji mitatu tu: mweusi, wa chungwa na wa njano. TXD ya kebo huenda kwenye RX ya bodi, na RXD ya kebo huenda kwenye TX ya bodi. Ukiipachika TX kwa TX hutaunguza kitu kwa kawaida, ila hutaona hata herufi moja.

Kwenye huo mwekundu ndipo bodi zinapoungulia. Jina la kebo lina 3V3, na mtu anaamini kila waya humo ni volti 3.3. 3V3 ni kiwango cha ishara tu. Waya mwekundu unatoa volti 5 za USB moja kwa moja. Ukiuchomeka kwenye pini ya volti 3.3 ya bodi, unasukuma volti 5 kwenye njia inayolisha kadi, chipu ya mtandao na pengine prosesa yenyewe. Dawa ni ya dakika mbili: inua kimeno cha plastiki cha soketi kwa ncha ya sindano, vuta waya mwekundu utoke na kichwa chake cha chuma, kivike mpira unaosinyaa kwa joto, basi. Fanya hivyo kabla kebo haijagusa bodi yoyote.

BeagleBone Black imetengenezwa kana kwamba inaijua kebo hii. Kichwa chake cha J1 kina pini 6, na soketi inaingia yote kwa mara moja, mweusi ukiwa upande wa nukta ya pini ya 1. Pini ya 3, panapoangukia mwekundu, haijaunganishwa na kitu. Raspberry Pi inataka uangalifu zaidi. GND ni pini ya 6, TX ni ya 8, RX ni ya 10, na zote ziko mstari mmoja na pini za 2 na 4 ambazo ni volti 5. Ukikosea kwa hatua moja tu kuelekea ukingoni, umepeleka volti 5 mahali pasipostahili. Utahitaji pia nyaya fupi za kike na kiume, kwani soketi ya kebo hailingani na mpangilio huo. Na kabla ya kulaumu kebo, hakikisha `enable_uart=1` ipo kwenye `config.txt`.

Si kila bodi ni ya volti 3.3. Bodi za kiwango cha 96Boards, kama DragonBoard 410c, zina seriali ya volti 1.8, na kuzichomekea kebo hii ni kuziumiza. FTDI wana toleo jingine la volti 1.8, TTL-232RG-VREG1V8-WE. Usikisie: washa bodi, weka multimita kati ya GND na pini ya TX ya bodi. Mstari ukiwa umetulia hukaa juu, kwa hiyo utasoma 3.3 au 1.8 na jibu umepata. Ukisoma sifuri, pengine umeshika RX, au seriali haijawezeshwa, au bodi haijafika hata hatua ya kuiwezesha.

Sasa kasi. Bodi nyingi huzungumza kwa baudi 115200, yaani biti 115200 kwa sekunde, na hapo adapta yoyote inatosha. Bodi nyingi za Rockchip, zenye prosesa za RK3328, RK3399 au RK3588, huzungumza kwa baudi 1500000 tangu mwanzo, na hapo ndipo adapta nyingi hukwama. Chipu ya adapta ya CP2102 ya zamani mwisho wake ni milioni 1, kwa hiyo mtu anaona takataka, anahitimisha kwamba bodi imekufa, na anairudisha dukani bodi nzima. CP2102N hufika milioni 3, CH340G kwa karatasi zake hufika milioni 2. FT232R hufika milioni 3, na milioni 1.5 ni nusu yake kamili, hivyo inaipata bila mkengeuko wowote. Kwa mtu mwenye bodi za aina mbalimbali, hoja hii peke yake inamaliza mjadala.

Herufi za ovyo hazina maana moja. Zikifika kwa mafungu yaleyale kila unapowasha, zikifuatana na mwendo wa bodi, kasi uliyochagua siyo. Jaribu 1500000, kisha 921600, kisha 57600. Zikibadilika unapoushika waya kwa mkono, GND haijashika.

Upande wa kompyuta yenye Linux hakuna cha kusakinisha. Draiva ya `ftdi_sio` imo ndani ya kerneli, na kifaa kinatokea kama `/dev/ttyUSB0`. Ukinyimwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi la `dialout` (kwenye Arch ni `uucp`), toka, ingia tena. Amri inayotosha ni hii:

`picocom -b 115200 --logfile kuwaka.txt /dev/ttyUSB0`

Kutoka ni Ctrl-A kisha Ctrl-X. Iendeshe kabla ya kuipa bodi umeme, kwa sababu mistari ya kwanza, yenye thamani kuliko yote, inapita chini ya sekunde moja. Wanaotumia minicom, programu nyingine ya aina hiyo, hukutana na jambo linalowasumbua wengi: wanasoma kila kitu ila wakiandika hakuna kinachojibu. Hapo minicom inangoja ishara ya CTS ambayo haijaunganishwa. Bonyeza Ctrl-A kisha O, fungua mipangilio ya seriali, zima `Hardware Flow Control` kwa herufi F. Picocom huanza ikiwa imezima.

Kwa kuwa kila kebo ina namba yake ndani ya chipu, ukichomeka nne kwa pamoja kila moja inapata jina lisilobadilika kwenye `/dev/serial/by-id/`. CH340G haina namba hiyo. Ukichomoa na kuchomeka tena, ttyUSB1 ya asubuhi inaweza kuwa ttyUSB3 ya mchana, na unatuma amri ya kufuta kwenye bodi isiyo yake. Kwa anayejaribu bodi kadhaa kwa pamoja, hili ni jambo zito. Jambo dogo la kujua: FT232R kwa kawaida hukusanya data hadi milisekunde 16 kabla ya kuipeleka, kwa hiyo ukipima muda wa kuwaka kwa `tio -t`, usiamini tofauti ndogo kuliko hiyo mpaka upunguze namba iliyo kwenye faili la `latency_timer`.

Haya yote ni utangulizi. Thamani ya kebo iko kwenye kile unachokisoma baada ya hapo, na kila mahali bodi inaponyamaza pana maana yake.

Kwenye BeagleBone Black isiyo na mfumo popote, utaona herufi moja ikijirudia: `CCCCCC`. Hiyo ni ROM, programu ya kudumu ndani ya prosesa AM335x: imekosa pa kuwakia, sasa inangoja itumiwe programu kwa XMODEM, itifaki ya kutuma mafaili kwa seriali. Ni habari njema. Prosesa ni mzima, umeme unafika, seriali inafanya kazi. Kilichobaki ni kadi au uchaguzi wa chanzo. Shika kitufe cha S2 wakati wa kuipa umeme ili ianze na microSD.

Bodi za Allwinner na Rockchip hazina ukarimu huo. ROM zake zikikosa kitu zinakaa kimya. Kimya cha namna hiyo kwenye bodi yenye umeme mzuri kwa kawaida ni sehemu ya kwanza ya butiloda, programu inayopakia kerneli, kuwekwa pasipo pake. Allwinner huisoma kadi kuanzia kilobaiti ya 8. Rockchip hutafuta sehemu ya kwanza kwenye sekta ya 64, na U-Boot, butiloda yenyewe, huwekwa sekta ya 16384, yaani megabaiti ya 8. Kosa la kila siku ni kuandika `dd` yenye `seek=64` pamoja na `bs=1M`: namba 64 hapo si sekta tena, ni megabaiti, na faili linatua mbali ambako ROM haitafika. Kosa la pili ni kuanzisha pati (kigawanyo cha kadi) ya kwanza kwenye sekta ya 2048 kwa mazoea ya kompyuta za mezani. Mfumo wa mafaili unaandikwa juu ya U-Boot, na bodi iliyokuwa inawaka jana leo imenyamaza. Anza pati kwenye sekta ya 32768.

Ukiona mstari wa `U-Boot SPL` halafu `SPL: failed to boot from all boot devices`, maana yake sehemu ya kwanza imefika na ikaendeshwa, bali ya pili haikupatikana. Onyo la `bad CRC, using default environment` huwatisha wengi bure. Kwenye bodi ambayo haijawahi kuhifadhi mipangilio yake ni la kawaida kabisa. Ukifika kwenye kidokezo cha U-Boot (mahali pa kuandika amri), andika `mmc list`, kisha `ls mmc 0:1`, uone kwa macho yako kama kerneli na faili la DTB (linaloieleza kerneli vifaa vya bodi) vipo. `Bad Linux ARM64 Image magic!` ni kwamba umeipa amri ya `booti` kitu kisicho kerneli ya biti 64: faili lililobanwa, la biti 32, au lililopakiwa nusu.

Halafu kuna `Starting kernel ...` na kimya. Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na hapa kebo inajilipa. Mara nyingi kerneli inaendelea vizuri sana, ila inazungumza kwenye mlango mwingine. Majina hayafanani: Raspberry Pi ina `ttyAMA0` au `ttyS0`, i.MX ina `ttymxc0`, Zynq ina `ttyPS0`, STM32MP1 ina `ttySTM0`, Rockchip mara nyingi ni `ttyS2`. Kerneli za zamani za OMAP ziliita `ttyO0` kile ambacho sasa ni `ttyS0`, kwa hiyo ukisasisha kerneli na kuacha `console=ttyO0`, bodi inawaka vizuri huku wewe unaililia. Kwenye mstari wa amri wa kerneli, ondoa neno `quiet`, ongeza `ignore_loglevel` na `earlycon`, inayoifanya izungumze mapema. Kama faili la DTB lina `stdout-path`, `earlycon` peke yake inatosha. Kama halina, taja anwani. Kwa PL011, sakiti ya seriali ya Raspberry Pi 4, ni `earlycon=pl011,0xfe201000`. Ikibaki kimya hata hapo, shuku faili la DTB la bodi nyingine au anwani za kupakia zinazoangukiana, ambapo DTB inafunikwa na kerneli inapojifungua.

Kerneli ikizungumza kisha ikafa, soma namba. `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)` ni kwamba hakuna kifaa kilichopatikana kwa jina ulilolitaja: draiva ya kadi haimo ndani ya kerneli, au `root=` imekosewa. Ukiona `unknown-block(179,2)`, hadithi ni nyingine kabisa. 179 ni namba ya vifaa vya MMC, 2 ni pati ya pili; kadi imeonekana, pati imeonekana, ila aina ya mfumo wa mafaili haieleweki au mfumo wenyewe umeharibika. Angalia kama ext4 imejengwa ndani ya kerneli au imeachwa kuwa moduli, na moduli hiyo imo kwenye pati ileile ambayo haifunguki. Mstari wa `Waiting for root device` usioisha mara nyingi ni kadi na eMMC (hifadhi iliyobandikwa kwenye bodi) kubadilishana namba, mmcblk0 ikawa mmcblk1. Tumia `root=PARTUUID=` na suala hilo linaisha.

Hatua ya mwisho ni init, programu ya kwanza ambayo kerneli huianzisha. `error -8` ni faili la usanifu mwingine, mfano la biti 64 kwenye prosesa ya 32. `error -2` huku faili unaliona lipo huchanganya watu. Kinachokosekana ni kipakiaji chake, kama `/lib/ld-linux-armhf.so.3`. Na `Attempted to kill init! exitcode=0x00007f00` inasomeka hivi: 7f ni 127, init ilianza ikakosa maktaba inayoihitaji. Ikiwa `0x0000000b`, imeanguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake. Mara nyingi `init=/bin/sh` itakuingiza ndani ukague. Kila kitu kikienda sawa lakini kidokezo cha kuingia hakitokei, kumbuka `console=` ya mwisho kwenye mstari ndiyo inayogeuka `/dev/console`; weka ya seriali mwishoni.

Bodi inayojizima na kuwaka tena bila kikomo, ipime muda. Ikirudi mwanzo baada ya muda uleule kila mara, ni tima ya ulinzi (watchdog, inayoiwasha bodi upya isipoguswa) iliyowashwa na U-Boot ambayo kerneli haijaichukua. Ikirudi ovyo, leo hapa kesho pale, hasa Wi-Fi au USB inapoanza, pima volti. Raspberry Pi hulalamika umeme ukishuka chini ya takriban volti 4.63.

Narudi kwenye kasoro. Bodi ikizimwa huku kebo ikiwa kwenye USB, waya wa chungwa unabaki na volti 3.3, nazo zinapenya kupitia pini ya RX na kuilisha bodi kwa chembechembe. Taa inabaki hafifu, prosesa haijazimika kweli, na ukiwasha tena bodi inakwama. Unaweza kutafuta hitilafu siku nzima ambayo kebo ndiyo imeileta. Weka rezista ya kilo-omu 1 kwenye waya wa chungwa. Mkondo hauwezi kuzidi miliampea 3.3, na ishara za milioni 1.5 zinapita bila shida. Kinyume chake nacho kipo: kebo iliyoachwa kwenye bodi huku USB imechomolewa huacha RX ikielea au ikivutwa chini, U-Boot inadhani kuna kitufe kimebonyezwa na inasimama kwenye kidokezo. Bodi za kazini zisizo na kebo kabisa hupata ugonjwa huohuo kwa kelele za umeme. Ziwekee rezista ya kilo-omu 10 kutoka RX kwenda volti 3.3, au `bootdelay=-2` inayokataza kusimamishwa. Usiandike -1, hiyo inazuia bodi kuendelea yenyewe.

Kwa Raspberry Pi 5 peke yake, Debug Probe ya Raspberry Pi, iliyotoka 2023, inapendeza zaidi: kebo yake ya pini 3 inaingia moja kwa moja kwenye mlango wa seriali ulio kati ya milango ya HDMI, haina waya wa volti 5 wa kukukosesha, na inatokea kama `/dev/ttyACM0`. Adapta ndogo za CH340 zinafaa kama akiba, mradi ukague kijiti cha kuchagua volti kabla ya kuichomeka, maana nyingi zinaweza kuwekwa kwenye 5. Kwenye Ubuntu 22.04 programu ya `brltty`, ya maandishi ya nukta kwa wasioona, huzinyakua zenye namba ya USB 1a86:7523, ttyUSB0 inatokea na kutoweka. Asiyehitaji maandishi ya nukta aiondoe.

Chipu za FT232R zina bandia nyingi. Mwaka 2014 draiva ya FTDI ya Windows ilizibadilishia bandia namba ya utambulisho kuwa 0, zikaacha kutambulika, na 2016 nyingine ikaanza kuingiza maneno `NON GENUINE DEVICE FOUND!` ndani ya data. Ukiyaona hayo katikati ya ujumbe wa kerneli, hayatoki kwenye bodi. Kebo ikifika, gusanisha wa chungwa na wa njano, fungua `picocom -b 3000000`, bandika maandishi marefu na uyalinganishe na yanayorudi. Yakirudi na mapengo, irudishe ulikoinunua kabla hujaitumia kuihukumu bodi yoyote.